Muulize Fundi: Kichuguu ndani ya tenki, taa inayodanganya, na choo cha Nane Nane

Mbukwenyi wasomaji! Mwezi huu meseji zimekuja nyingi mpaka simu ikawa inaganda, na karibu zote ni za choo, tena sio choo cha nyumbani, ni choo cha kwenye gari, choo cha kukodi, choo cha kontena. Najua kuna mtu yuko zake soko la Majengo anasoma huku anacheka, Dodoma na magari ya kulala wapi na wapi. Ila angalia barabarani basi. Watalii wanashuka Arusha, wanapita Babati na Kondoa wanaenda zao Iringa na Ruaha, wengi wamelala humo humo kwenye gari. Kuna watu wa hapa hapa mjini wameagiza kampa, yani hayo magari ya kulala, za mtumba Japani. Kuna wajenzi wa kule Mtumba, mji wa serikali, wenye ofisi za kontena na choo ndani. Kuna wakina mama wanakodisha vyoo vya plastiki kwenye harusi. Vyote hivo vina kitu kimoja, mzigo hauendi shimoni, unakaa kwenye tenki la plastiki unakusubiri wewe ukaumwage. Ukilielewa hilo tenki hauna shida, usipolielewa ndio unaniandikia saa sita usiku kama huyu mama wa kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Tulinunua kampa ya mtumba mwaka jana, ina choo kidogo na tenki chini kama lita 120. Likizo ya shule tukaenda nayo Kondoa kuangalia michoro ya Kolo, tukalala siku mbili alafu tukasogea Babati kwa shemeji. Baba watoto akasema tubane maji maana hatujui tutajaza wapi, kwaiyo tukawa tunaflashi kwa kikombe kimoja tu. Kwa shemeji tukaunganisha bomba kwenye chemba yake, tukaacha valvu ya kumwagia wazi siku nne ili tusihangaike kumwaga kila siku. Tumerudi nyumbani, tenki halitoi kitu, yanachuruzika maji tu, na harufu imeingia mpaka kwenye magodoro. Baba watoto anataka kuchokonoa na nondo. Tufanyeje? (Mama wa watatu, Ipagala)

JIBU: Marahaba mama. Kwanza mnyang'anye baba watoto hiyo nondo kabla hujaendelea kusoma. Tenki hilo ni plastiki, na ukutani mwake kuna vichwa vidogo vya sensa, vile vya kupima tenki limejaa kiasi gani, akitoboa au akivunja kimoja hapo mtaanza kuongea lugha nyingine ya hela.

Mlichojenga humo ndani ni kichuguu. Wamarekani wanakiita piramidi ila sisi wa huku hatuna piramidi, tuna vichuguu, na kinajengeka vile vile, kidogo kidogo na mahali pamoja. Choo cha gari hakina ile kona ya maji kama choo cha nyumbani, kina bomba fupi linashuka wima, mzigo unadondoka moja kwa moja chini ya tundu. Kukiwa na maji tenkini unaelea, unalowana, unavunjika. Mkiacha valvu wazi maji yote yanakimbilia kwenye chemba ya shemeji, kinachobaki ni kitu kizito na tishu, vinakaa pale pale, cha kesho kinakaa juu ya cha leo, jua linapiga kwa chini na joto la lami, ndani ya siku nne kimekauka kimekuwa tofali.

Na hapa niseme jambo ambalo nimeliona kwa wateja wengi wa Dodoma. Sisi tumelelewa na dumu. Maji ya kuoga yanahesabiwa, ya vyombo yanahesabiwa, mtoto akimwaga maji bafuni anaulizwa kama baba yake ni DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa. Mkoa wenyewe mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa mwaka mzima haifiki hata milimita 700, kwaiyo kubana maji kwetu ni adabu. Sasa adabu hiyo hiyo ndio inaua tenki la gari. Hilo tenki halitaki dawa ya elfu themanini, linataka maji. Mzungu anakuja na madawa yake ya bluu na ya kila rangi lakini ukimuuliza aliyezoea safari atakwambia hivo hivo, maji kwanza.

Tiba yenu. Fungeni valvu, mimineni maji chooni mpaka tenki lifike robo tatu, wekeni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kama nusu kikombe, yanaweza kuwa ya vuguvugu lakini sio yanayochemka, plastiki haipendi. Iacheni siku mbili tatu. Alafu washeni gari mwende mkazunguke nalo barabara ya vumbi yenye mashimo, mimi nawaambiaga wateja waende njia za kuelekea Hombolo warudi, kile kichuguu kinapigwa mawimbi kutoka ndani. Mkirudi fungueni valvu yote kwa mkupuo, sio kidogo kidogo, maana yanayotoka kwa kasi ndio yanabeba uchafu. Mara ya kwanza kitatoka nusu. Rudieni. Kuna moja nilirudia mara nne, ya tano ikatoka kitu kimoja kikubwa mpaka vijana wa gereji wakapiga makofi.

Na mkishamaliza, kila mkimwaga tenki rudishieni maji lita nane mpaka kumi kabla ya mtu yeyote kukaa, hayo ndio kitanda chake. Valvu ifungwe muda wote, hata mkiwa mmeunganishwa kwenye chemba ya mtu. Mnamwaga likishafika theluthi mbili. Kama roho inauma kwa maji, na najua inauma, tumieni maji ya kusuuzia nguo, chujeni nyuzi alafu mimineni kwa kopo kwenye bakuli la choo. Ni maji yale yale mngeyamwaga uani. Ila msiyaweke kwenye kile kitenki cha juu cha kuflashia, yataziba pampu.

Magodoro anikeni tu, jua la Dodoma litamaliza.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni dereva, nabeba wageni kutoka Arusha kwenda Ruaha na napita hapo kwenu. Gari la kampuni lina paneli ya taa nne za tenki la choo, tupu, theluthi, theluthi mbili, full. Sasa hata nikitoka kumwaga saa hiyo hiyo inawaka theluthi mbili. Bosi ananiambia simwagi, nakula hela ya kumwagia. Nisaidie bosi asome hapa. (Dereva wa safari)

JIBU: Bosi, kama unasoma, dereva wako hana kosa.

Zile sensa za kawaida ni vipande vya chuma vimepenya ukuta wa tenki kwa urefu tofauti. Maji yakikifikia kimoja, umeme mdogo unapita ndani ya maji, taa inawaka. Ni akili rahisi sana na ndio maana inadanganywa kirahisi. Tishu ikijibandika kati ya chuma na chuma, au mafuta na utando wa uchafu ukitanda ukutani na ukabaki na unyevu, umeme unapita pale pale, paneli inadhani kuna maji. Haijui kama ni tishu. Kwaiyo sensa ikikwambia limejaa wakati tupu, ni uchafu. Ikikwambia tupu wakati limejaa mpaka linagonga, hapo sasa angalia waya, mara nyingi ule wa ethi, unaoungana na bodi ya gari, umekatika au umeota kutu chini ya gari, vumbi na matope ya huko mnakopita hayana huruma.

Dawa ya uchafu ni ile ile ya mama wa Ipagala, maji mengi na sabuni na barabara mbovu, na wewe barabara mbovu unayo bure. Kama ni gamba gumu, yani lile jeupe kama la kwenye birika, hapo ni chumvi za maji zimeungana na mkojo. Maji ya visima vya huku kwetu ni magumu, fungua birika la nyumba yoyote Dodoma uone. Gamba hilo halisikii sabuni, linasikia kitu chenye ukali wa limau, siki nyeupe lita mbili tatu au unga wa sitriki, unaweka kwenye maji yaliyofunika sensa, unaacha usiku kucha, unamwaga, unasuuza sana. Usichanganye na kitu kingine chochote na nitaeleza kwanini kwenye swali linalofuata.

Ukiniuliza mimi mwenyewe naiaminije hiyo paneli, siiamini. Natumia tochi. Unafungua choo, unamulika, unaona. Na unajifunza hesabu ya wageni wako, wageni wanne kwenye tenki la lita 120 wanachukua siku ngapi, ukishasafiri mara tatu unajua kuliko taa. Kuna sensa za kubandika nje ya tenki ambazo hazigusi uchafu, nzuri, bosi akitaka anunue.

SWALI: Oya fundi, choo cha kwenye kontena letu la saiti kilikuwa kinatema harufu kinoma nikamwaga jiki chupa nzima, haikusaidia, nikaongeza ile dawa kali ya kung'arisha sinki, ikaanza kutoa kamoshi na macho yakawa yanawasha nikakimbia. Ilikuwa nini ile? (Kijana wa saiti, Mtumba)

JIBU: Ile ilikuwa gesi ya klorini mdogo wangu, na umeponea kwasababu ulikimbia. Jiki ikikutana na asidi inatoa klorini. Jiki ikikutana na mkojo uliokaa, wenye amonia, inatoa gesi nyingine ya klorini iliyochanganyika na amonia, nayo inachoma mapafu. Tenki la choo lina mkojo muda wote, kwaiyo hata bila ile dawa ya sinki ulikuwa tayari unapika sumu. Acha mlango wazi siku nzima, mtu asiingie, alafu ukitaka kumimina kitu mimina maji tu, mengi, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka.

Na hata isingekuua, jiki inakausha raba za valvu mpaka zinapasuka, na inaua wale bakteria wanaokula uchafu. Hao ndio wafanyakazi wako, hawalipwi. Kuna dawa za bakteria na vimeng'enya zinauzwa kwa ajili ya matenki, hizo sawa, zinafanya kazi vizuri kwenye joto kama letu ila zinataka muda na maji. Zile za bluu zingine zina fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, zinaua harufu kweli lakini zikienda kwenye shimo la mtu zinaua na shimo lake. Soma chupa.

Jambo moja tena la usalama alafu tuendelee. Mtu asiingize kichwa ndani ya tenki au shimo kuangalia limeziba wapi. Gesi ya mayai viza ikiwa kidogo inanuka, ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unadhani harufu imeisha kumbe wewe ndio unaisha. Na sigara weka mbali, humo kuna metheni, gesi inayoshika moto.

SWALI: Fundi naomba ushauri wa biashara. Nina vyoo vinne vya plastiki nakodisha harusini na kwenye mikutano. Mwaka huu nikapata tenda ndogo uwanja wa Nane Nane Nzuguni, siku ya kwanza vizuri, siku ya pili mchana watu wakawa wanapita mbali wameziba pua, mwenye banda akataka nirudishe hela. Gari la kunyonya lilishindwa kuingia sababu ya umati. Niliweka ile dawa ya bluu nyingi tu. Nimekosea wapi? (Mama vyoo, Nkuhungu)

JIBU: Dada yangu pole, na hongera, maana hii biashara wengi wanaiona ya aibu kumbe ina hela. Tupige hesabu kwanza. Hivi vyoo vya plastiki tenki lake kwa kawaida ni lita 200 na kitu. Kipimo cha zamani cha watu wa ujenzi huko nje ni choo kimoja kwa wafanyakazi 10 wa wiki ya saa 40, alafu kinanyonywa. Sasa wewe choo kimoja Nane Nane kinaingiwa na watu mia mbili kwa siku. Kila mmoja akiacha nusu lita tu ni lita 100, bado tishu, bado wale wanaoingia na chupa ya maji wakamwaga yote. Siku ya pili mchana ulikuwa umefika mwisho wa tenki na mwisho wa dawa kwa pamoja. Dawa ya bluu inapimwa kwa ujazo, ukiweka kwa ajili ya lita 20 za kuanzia alafu juu yake zikaja 180 inakuwa maji ya bluu tu. Wateja wakiona rangi imegeuka kijani au kahawia, dawa imekwisha, hata kama unanusa marashi bado.

Kwaiyo kosa la kwanza ni ratiba. Gari liingie usiku, saa nne watu wakishaondoka au alfajiri saa kumi, ongea na walinzi mapema na uandike kwenye mkataba kwamba njia ya gari iachwe. Usipoandika, kesho yake asubuhi kuna mtu ameshaweka meza ya mishikaki pale pale.

La pili umeviweka wapi? Najua, sijaona lakini najua, umeviweka nyuma kabisa juani na mlango umeangalia upepo. Agosti Dodoma ina upepo wa kuondoka na bati, na choo cha plastiki kina bomba la hewa linapanda kutoka tenkini mpaka juu ya paa, kazi yake ni kunyonya harufu ipite juu ya vichwa vya watu. Mlango ukiwa umeelekea upepo, upepo unaingia ndani, unasukuma hewa ishuke kwenye tundu la kukalia na kurudi kwa mtu. Geuza mgongo wa choo uelekee upepo, tafuta kivuli cha mti au turubai, hakikisha kofia ya bomba haijazibwa na nyigu, hao wanapenda sana kujenga humo choo kikiwa kimelala bohari. Na weka kibandiko kikubwa cha FUNGA MFUNIKO. Nusu ya harufu ni mfuniko.

La tatu, taulo za kike, pampasi na chupa. Weka ndoo yenye mfuniko ndani ya kila choo, kubwa, na mtu wa kuimwaga. Usipoweka ndoo vyote vinaenda tenkini, mpira wa gari la kunyonya unaziba, na dereva wa gari atakudai hela ya kuzibua ambayo haikuwepo kwenye bajeti yako.

Kuosha baada ya shughuli usitumie fagio. Tafuta ile mashine ya presha ya kuoshea magari, anza na kuta za tenki kupitia kwenye tundu, nyonya, rudia mara ya pili na maji safi, nyonya tena. Vaa glavu ndefu na miwani, presha inarudisha matone usoni, na hayo matone sio ya manukato. Mwenye banda mrudishie nusu tu ya hela.

SWALI: Samahani fundi ni yule dereva tena. Nikiwa hapo mjini nikamwage wapi kihalali? Wenzangu wanamwaga porini njiani wanasema ni mbolea. (Dereva wa safari)

JIBU: Wenzako wakikamatwa usiwe nao kwenye gari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haina mchezo na kumwaga uchafu ovyo, na hata ingekuwa haipo, yale makorongo makavu unayoyaona barabarani sio pori, ni mito iliyolala. Desemba mvua ikija yote yaliyomwagwa yanatembea mpaka kwenye kisima cha mtu. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Na mitaro ya mvua ya mjini vile vile, ule sio mfereji wa maji taka.

Mjini ongea na DUWASA, magari ya kunyonya yanapeleka mzigo kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa na wao ndio watakwambia utaratibu na malipo. Njia nyingine ni kuelewana na hoteli au loji yenye shimo kubwa, ukaomba kwa heshima, ukaonyesha dawa uliyotumia, ukalipa. Kwa lita 100 zisizo na fomalini wengi hawana shida. Ukimwaga kwa siri kwenye chemba ya gesti alfajiri ukaondoka, dereva mwenzako atakayekuja wiki ijayo ndio atafukuzwa.

Namna ya kumwaga, unaanza na tenki la choo, lile jeusi, alafu ndio unafungua la maji ya sinki na bafu, lile la kijivu, maji ya sabuni yanasuuza bomba. Ukianza na la kijivu umepoteza kifaa chako cha kuoshea. Kile kipande cha bomba kinachoungana na gari kinunue cha plastiki inayoona ndani, utajua kinachopita na lini kimeisha kupita.

Na hakikisha valvu imefungwa KABLA hujafungua kofia ya nje. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu mimi mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilifungua kofia nikiwa nimechuchumaa mbele yake na yeboyebo mguuni, valvu ilikuwa imeshikwa na karatasi haijafunga vizuri, nyuma ya kofia kulikuwa na lita za kutosha zinanisubiri mimi. Mteja alikuwa amesimama pembeni. Aliniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa. Yeboyebo nilizichoma.

SWALI: Kuna video nimeona wanamwaga ndoo ya barafu chooni alafu wanaendesha gari, eti inasugua tenki. Kweli? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Barafu inaelea. Kinachohitaji kusuguliwa kiko chini. Weka barafu kwenye soda.

SWALI: Fundi sisi kampa tunaipaki miezi minne mitano. Tukifungua inanuka ingawa tenki tulimwaga. (Wazee wastaafu, Kilimani)

JIBU: Shikamooni wazee wangu. Harufu haitoki tenkini moja kwa moja, inapita kwenye njia ambayo maji yamekauka. Chini ya sinki na bafu kuna trapu, ile kona inayobaki na maji ili hewa ya bomba isipande juu. Kiangazi cha kwetu trapu inakauka ndani ya wiki chache, mlango uko wazi. Kabla ya kupaki sukumeni maji kwenye sinki alafu malizieni na kijiko cha mafuta ya kupikia, yanakaa juu ya maji yanazuia yasipae.

Raba ya choo pakeni silikoni, sio Vaseline wala oili ya gari, kuna raba zinavimba zikikutana na mafuta ya jamii ya petroli. Choo kikiwa ni kile cha kaseti, kile kiboksi cha lita kama 20 kinachochomolewa kwa mlango wa pembeni kama begi, kichomoeni kabisa, kiosheni, kiachwe kikauke kikiwa wazi kivulini. Na tenki la chini liachwe tupu kabisa, halafu mkianza safari tena ndio mnaweka zile lita kumi za kitanda. Yakiachwa maji kidogo machafu kwa miezi mitano yatageuka gamba, na gamba hilo mtalijua kwa jina langu.

SWALI: Mimi nina shamba la zabibu Mpunguzi na mwanangu ana hiyo kampa. Nimemwambia asilipie watu kumwaga, aje amwage kwenye mizabibu, si samadi tu? (Mzee wa zabibu)

JIBU: Shikamoo mzee. Samadi ya ng'ombe unayoijua imekaa, imeoza, imepata joto, na ng'ombe hali vitu tunavyokula sisi. Hii ya tenki ni mbichi ya juzi. Ndani yake kuna vimelea vya kuharisha, kuna mayai ya minyoo ambayo yanaweza kukaa kwenye udongo miezi na miezi yakisubiri mkono wa mtu, na mizabibu yako vichala vinaning'inia chini chini na watu wanachuma wanakula pale pale bila kunawa, mimi mwenyewe nikiwemo. Ukiongeza na ile dawa ya bluu, utakuwa unamwagilia mizizi fomalini.

Kinyesi cha mtu kinaweza kuwa mbolea, sikatai, lakini ni mpaka kikae peke yake kimefunikwa bila kuongezewa kipya. Kwa joto kama letu Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya mwaka mmoja, sehemu za baridi ni mwaka na nusu mpaka miwili. Na kikae pakavu, mbali na kisima, alafu kifukiwe ardhini, sio kumwagwa juu. Lile tenki la kijana ni maji matupu yaliyochanganyika, halikauki kirahisi hivo, kwaiyo mwambie alipie tu.

Maji ya kusuuzia nguo ndio unaweza kuyapeleka shambani ukitaka, kwenye shina, sio kwenye majani, na sio kila siku, chumvi ya sabuni inalundikana na udongo wa huko tayari una ya kwake. Alafu mzee, hujaniambia, mavuno ni lini?